Besi za shughuli zikiingia sebuleni: krosova iwekwe wapi?

"Shikamoo fundi. Nipo Kigoma, Gungu. Kazi yangu ni muziki wa shughuli: harusi, vipaimara, mikutano. Nina besi mbili za inchi 18, kila moja kwenye boksi lake, amplifaya ya chaneli mbili na krosova ya raki. Jumatatu mpaka Alhamisi vyombo vinalala stoo. Juzi nimenunua risiva ya sinema iliyotumika, na spika zake tano ndogo za inchi 3, ila sabufa yake ilishakufa. Nikasema, besi si ninazo? Nikaweka moja kwenye kona nyuma ya TV. Sebule ni mita 5.2 kwa 4, dari la jipsamu. Mambo matatu yananishinda. Milipuko inapiga kama debe, haina ule mngurumo niliousikia ukumbi wa sinema Dar es Salaam. Sauti za wanaume zinatoka konani badala ya kwenye TV. Na kuna 'vuuu' isiyokoma hata nikisimamisha filamu. Krosova ya raki ipo 120, ya risiva ipo 80. Rafiki yangu mmoja anasema besi ya disko haifai nyumbani, niuze. Mwingine anasema nipandishe krosova mpaka 200 ndipo besi ishuke. Nimsikilize nani?"

Marahaba, kijana wangu. Umejieleza kuliko wengi wanaokuja karakana kwangu hapa Tabora. Watu huniletea amplifaya imefungwa kwenye shuka na neno moja tu: "inanguruma." Wewe umenipa vipimo vya chumba na namba za krosova, basi naweza kukujibu bila kukisia sana.

Rafiki yako wa kwanza amekosea nusu. Wa pili amekosea yote. Besi zako usiziuze. Zinafaa kabisa sebuleni, mradi ujue zilitengenezwa kwa kazi gani na kazi gani hazitaiweza hata uzibembeleze. Na namba ya krosova, yaani kile kinachogawa sauti za chini ziende kwa besi na za juu ziende kwa spika ndogo, haichaguliwi kwa kuitazama besi. Inachaguliwa kwa kuzitazama zile spika ndogo. Ukilishika hilo, karibu matatizo yako yote yanafunguka.

Neno lenyewe "sabufa" limetuharibia kidogo. Mitaani kwetu sabufa ni seti nzima: boksi moja la chini, vispika viwili vya pembeni, redio na tundu la flashi, vyote kwa jina moja. Katika seti hizo boksi la chini huachiwa kazi mpaka 150 au 200 Hz (Hz ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, ikiwa ndogo sauti ni nzito), kwa sababu vispika vya pembeni havina uwezo wa kushuka. Masikio yetu yamekulia hapo. Tukisema "besi nzito" mara nyingi tunamaanisha ule mdundo wa kifuani, wa 60 mpaka 100 Hz. Mngurumo uliousikia Dar ni kitu kingine. Ule uko chini ya 40 Hz, na sehemu yake kubwa sikio huipata kwa shida. Unauhisi kwenye kiti.

Sasa tazama besi yako ilizaliwa kufanya nini. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne, ukipigwa wazi, unatetema mara 41 kwa sekunde, yaani 41 Hz. Muziki mwingi unaopigwa harusini hauna cha maana chini ya hapo. Kwa hiyo aliyetengeneza boksi la shughuli alijiuliza swali moja: nitawafikiaje watu mia tatu chini ya turubai, bila ukuta wa kunisaidia, kwa umeme wa jenereta? Jibu lake ni spika inayotoa sauti kubwa kwa wati chache na inayokoma mahali fulani kati ya 35 na 45 Hz. Kushuka zaidi hakumhusu.

Hilo si uzembe wa kiwanda. Kuna kanuni ambayo mafundi wa spika huiita ya Hofmann, kwa jina la Josef Anton Hofmann, Mmarekani ambaye jina lake ndilo lile H la katika kampuni ya spika ya KLH. Inasema hivi: sauti kubwa kwa wati chache, boksi dogo, na besi inayoshuka chini sana, chagua mawili, la tatu lisahau. Sabufa ya dukani ya nyumbani imechagua boksi dogo na kushuka chini, ndiyo maana inakula wati nyingi ili ipige kiasi tu. Yako imechagua sauti kubwa na boksi ambalo vijana wawili wanaweza kulipakia kwenye gari. Imeacha kushuka. Inchi 18 ni upana wa koni, haisemi chochote juu ya kina. Nimeona inchi 12 za nyumbani zinazofika 22 Hz, na inchi 18 za uwanjani zinazokata tamaa kwenye 40.

Kuna na hesabu ya mwendo wa koni. Ukitaka sauti ileile kwa ukubwa uleule lakini oktava moja chini, tuseme kutoka 40 kwenda 20 Hz, koni lazima iende mbele na nyuma mara nne ya mwanzo. Kama kwenye 40 ilikuwa inasogea milimita 4, kwenye 20 inadaiwa 16. Spika nyingi za shughuli hazina urefu huo wa koili.

Halafu kuna ule mdomo wa boksi, tundu la hewa la mbele. Watu hudhani ni la kupumulia tu. Kwenye masafa ambayo boksi limepangiwa, hewa iliyo mdomoni ndiyo inayopiga sauti, na koni karibu inatulia, imeshikwa na shinikizo la ndani. Weka kiganja pale mdomoni wimbo wa besi nzito ukiwa unapiga, utaona upepo unavyosukuma. Lakini ukishuka chini ya masafa hayo, hewa inaingia na kutoka tu kama mlango ulioachwa wazi. Hakuna tena cha kuishika koni. Inaruka ovyo, na sauti haitoki.

Somo hili nililipia mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya kazi tulikuwa tunaonyesha filamu kwenye ukumbi mmoja hapa mjini, shuka jeupe ukutani na besi zangu mbili za harusi chini yake. Ilikuwa filamu ya vita, imejaa mizinga. Mlipuko wa kwanza koni ikapiga "pa!" kama mtu anayepiga kofi juu ya meza. Watu wakashangilia, wakidhani ni sehemu ya filamu. Wa tatu nikasikia harufu ya vanishi inayoungua. Wati hazikuzidi, spika ile ilikuwa inakula wati nyingi kuliko zile kila Jumamosi bila shida. Kilichoiua ni sauti ya 20 na kitu Hz ambayo harusini haijawahi kukutana nayo. Filamu zimejaa sauti hizo.

Kwa hiyo, kabla ya krosova, kabla ya kona, kabla ya chochote: kata chini. Geuza amplifaya yako utazame nyuma. Nyingi za raki zina swichi ndogo ya kukata masafa ya chini, mara nyingi imeandikwa 30 na 50. Iweke 30. Kama haina, krosova yako ya raki huenda inayo kwenye upande wa kuingizia. Ukiwa na prosesa ya kidijitali, weka mkato wa dB 24 kwa oktava (dB ni kipimo cha ukubwa wa sauti) karibu na pale boksi lako limepangiwa. Kama karatasi ya spika imepotea, 35 ni salama kwa maboksi mengi ya aina hiyo. Na hapa nikwambie ukweli ambao hautaupenda: ukifanya hivyo, ule mngurumo wa Dar hutaupata wote. Utapata mpaka kama 33 au 35, na kona itakusaidia. Sikio lenyewe kwenye 20 Hz ni zito mno, sauti lazima ifike karibu dB 78 ndipo mtu aanze tu kuihisi. Kushuka huko kwa nguvu ni gharama, na boksi lako halikulipiwa gharama hiyo.

Faida yako iko upande wa pili. Kiwango ambacho filamu huchanganyiwa kinaruhusu vilele vya dB 105 kwa kila spika ya kawaida, na dB 115 kwa ile chaneli maalumu ya besi, ile ".1" kwenye 5.1, yaani spika tano na besi moja. Sabufa ndogo ya dukani ikidaiwa dB 115 inakohoa. Yako, kuanzia 40 kwenda juu, inafika hapo huku inapiga miayo. Spika yenye usikivu wa dB 97, ukiipa wati moja tu ukakaa mita moja mbele yake, unapata hizo 97. Sebuleni utakuwa unatumia wati chache mno, na besi isiyojisumbua husikika safi. Mtu akiniambia besi ya shughuli ina sauti chafu, mimi huuliza imeunganishwaje.

Tuje kwenye krosova. Wengi huichukulia kama kitasa cha besi, ukipandisha namba besi inaongezeka. Krosova ni mahali pa kupokezana kijiti. Spika ndogo inakimbia kutoka juu ikishuka, inafika pale miguu inapoishia, inampa kijiti mwenzake wa chini. Namba ni ile nukta ya kukabidhiana, basi.

Sasa tazama mbio zako zilivyo. Koni ya inchi 3 kwenye kiboksi kidogo huishiwa pumzi mahali fulani kati ya 120 na 150 Hz. Risiva imeiambia iendelee mpaka 80. Besi nayo imeambiwa isipande sana kupita 80. Kati ya 80 na 140 hakuna mtu, kijiti kiko chini. Na hapo ndipo unapokaa unene wa sauti ya mwanaume, ambayo kwa wengi huanzia kama 85 mpaka 155 Hz. Waigizaji wakawa wanaongea puani. Wewe, kwa haki kabisa, ukapandisha amplifaya kuziba pengo. Besi ikapanda yote kwa pamoja, na kidogo kinachovuja juu ya 80 kikawa kikubwa mno, kikaanza kusema "nipo huku konani". Ndiyo asili ya tatizo lako la pili, na nusu ya lile la debe.

Hiyo 80 haikutoka hewani. Ni kipimo kilichoenezwa na THX, mradi ulioanzia kampuni ya Lucasfilm huko Marekani mwaka 1983, mhandisi wake akiwa Tomlinson Holman. Wimbi la 80 Hz lina urefu wa mita 4.3 hivi. Masikio yako yameachana chini ya sentimita 20. Wimbi refu namna hiyo likipita, masikio yote mawili yanapata karibu kitu kilekile kwa wakati uleule, na ubongo unashindwa kusema limetoka upande gani. Ndiyo maana sabufa iliyokatwa 80 unaweza kuificha. Ukipanda 120, 150, siri inaanza kutoka. Ukifika 200 anayotaka rafiki yako, hata mtoto ataonyesha kwa kidole boksi liko wapi. Lakini 80 ni ya spika zinazofika 80. Zako hazifiki.

Kosa la pili ni kuwa na krosova mbili kwenye mstari mmoja. Risiva inakata, kisha raki inakata tena. Mikato miwili ikifuatana inateremsha mlima mara mbili na kuchelewesha sauti, na kinachotoka hakikubaliani na spika za mbele. Tena kuna jambo ambalo menyu haikwambii: ile ".1" ya filamu ina njia yake, inapanda mpaka 120 Hz, haitawaliwi na namba uliyowekea spika. Ukiiweka raki kwenye 80 umeikata mkia. Kwa hiyo mwache mmoja afanye kazi. Risiva ndiye mwenye kujua kinachokwenda kwa kila spika, mwachie yeye. Krosova ya raki ama iruke kabisa, waya utoke risiva uende amplifaya moja kwa moja, ama kipandishe kitasa cha kukata juu mpaka mwisho na utumie ule mkato wa chini tu.

Ukiingia menyu ya risiva itakuuliza kila spika ni kubwa au ndogo. Sema ndogo, zote, hata kama zinakuvutia machoni. Kumwambia risiva kwamba kiinchi 3 ni spika kubwa ni kumbebesha mtoto gunia. Atapelekewa mlipuko mzima mpaka chini na koili itaungua. Namba ya krosova weka 150. Kama kuna chaguo la kupeleka besi kwenye spika za mbele na kwenye sabufa kwa wakati mmoja, liache. Kwenye karatasi linaonekana kama ziada, chumbani linaleta vurugu.

Utaniuliza: si umesema 150 inaonyesha boksi lilipo? Ndiyo. Una njia mbili, zote halali. Ya kwanza haina gharama: toa besi konani uilete mbele, karibu na TV kadiri inavyowezekana, ili hata sikio likigundua inakotoka, liwe ni kulekule anakosimama mwigizaji. Ya pili ndiyo ningeifanya mimi. Mtu wa shughuli hakosi spika za juu, zile za inchi 10 au 12 za kuweka kwenye stendi. Kama zako ni za kawaida zisizo na amplifaya ndani, na ni za omu 8, zichomeke kwenye risiva kama spika za mbele, kushoto na kulia. Nyingi zinafika 70 bila taabu. Kisha mwambie risiva spika ya katikati haipo. Mazungumzo yataingia kwenye hizo mbili kwa usawa, na mtu aliyekaa katikati atayasikia yakitoka kwenye kioo cha TV. Anayekaa pembeni ya kochi atapunjika kidogo. Viinchi 3 vibaki nyuma kwa ndege na mvua. Hapo krosova ya mbele inashuka 80 na besi inaruhusiwa kukaa popote. Risiva nyingine za zamani zina namba moja tu kwa spika zote. Ikiwa yako ni hiyo, jaribu 100 au 120, usikilize wapi unapoteza kidogo.

Kipimo changu cha krosova ni cha bei rahisi: taarifa ya habari, msomaji mwanaume. Kaa kwenye kiti chako, mwambie mtu azime besi kisha aiwashe, mara kadhaa. Ikiwashwa, msomaji anatakiwa anenepe kifua. Akihama kiti, krosova iko juu mno au besi imezidi. Asipobadilika kabisa, hilo pengo bado liko wazi.

Chumba sasa. Chukua karai la maji, lisukume mbele na nyuma taratibu mpaka upate mwendo wake. Maji yanapanda kwenye kingo, yanashuka, lakini katikati hayaendi popote. Sebule yako ni karai. Sauti husafiri kama mita 346 kwa sekunde kwenye joto la nyuzi 25. Gawa kwa urefu wa chumba mara mbili: 346 kwa 10.4 unapata 33 Hz. Kwa upana, 346 kwa 8, unapata 43. Dari likiwa mita 2.7 kuna jingine kwenye 64. Kwenye masafa hayo besi inajaa ukutani na kufa katikati ya chumba. Na konani unayaamsha yote kwa mpigo mmoja. Debe lako, sehemu kubwa, ni hiyo 43 na 64 zikipiga kelele kuliko jirani zake.

Dawa yake inachekesha kuiona lakini inafanya kazi. Sogeza kochi, weka besi pale unapokaa wewe, juu ya kiti kama kinahimili, vinginevyo chini hapohapo. Piga wimbo wenye besi inayopanda na kushuka, sauti ya wastani. Kisha tambaa. Ndiyo, kwa magoti, kichwa usawa wa boksi, pita kando ya kuta zote ambako besi ingeweza kukaa. Mahali pengine mdundo utakuwa unavimba, pengine utapotea, na pengine kila noti itasikika kwa kadiri yake. Bandika selotepu pale. Besi ikae hapo, wewe urudi kochini. Waambie watoto mapema unachofanya, wasije wakakuita wajomba zako.

Na usivute kiti chako katikati kabisa ya chumba, wala usikibandike ukutani. Kaa kama theluthi moja kutoka ukuta wa nyuma.

Besi ya pili iingie? Mwaka 2002 Todd Welti, mtafiti wa kampuni ya Harman, alichapisha kazi juu ya idadi ya sabufa zinazotosha chumba kimoja, na mojawapo ya mipangilio iliyotoka vizuri ni mbili, kila moja katikati ya ukuta, zikitazamana. Faida yake si kelele, ni usawa: kiti hiki na kile vinasikia besi moja. Kwako maana yake ni boksi la inchi 18 katikati ya kuta mbili zinazotazamana za sebule ya mita 4. Hilo jadiliana na mwenye nyumba, namaanisha mama watoto. Kwa mtu mmoja anayekaa kiti kimoja, moja iliyowekwa vizuri inatosha.

Kabla ya kulaumu spika, sikiliza nyumba. Fundi mwenzangu aliwahi kuitwa kwa besi "iliyopasuka". Akafungua boksi, koni nzima. Akarudisha, mkwaruzo ukarudi. Mwisho tulikuta sahani mbili za udongo ndani ya kabati la mninga, zimegusana ukingo kwa ukingo, zikilia kila besi ilipopita mahali pamoja. Tukaweka kitambaa kati yake, besi "ikapona". Kwako nashuku jipsamu na vioo vya dirisha. Pakua programu ya simu inayotoa toni, pandisha taratibu kutoka 35 mpaka 120 kwa sauti ya wastani, mtu mwingine azunguke akigusa vitu kwa kiganja. Kinachonyamaza ukikigusa ndicho chenye kosa.

Hiyo "vuuu" ni umeme. Amplifaya yako ina plagi ya pini tatu, imeshika ardhi. Risiva nayo, kupitia waya wa dishi, imeshika ardhi nyingine kule juu ya bati. Kati ya hizo ardhi mbili unapita mkondo mdogo wa 50 Hz, na waya wa AV unaupeleka kwenye besi, ambayo kwa bahati mbaya inaipenda sana 50 Hz. Chomoa waya wa dishi nyuma ya kisimbuzi. Vuuu ikikoma, umemkamata mwizi. Isipokoma, tazama waya unaotoka risiva kwenda amplifaya. Tumia waya wa nyuzi mbili zenye ngao, upande mmoja pini ya AV, upande wa pili kanoni, ile plagi ya pini tatu kama ya maikrofoni: pini namba 2 iende kwenye ncha ya katikati ya AV, namba 3 kwenye pete ya nje. Ikishindikana, transfoma ndogo ya kutenganisha, au kile kiboksi cha DI ulichonacho, cha kuunganishia gitaa kwenye miksa, kikitumiwa ipasavyo, kitakata njia. Lakini sikia: usikate pini ya ardhi ya amplifaya. Nimeona watu wakiifanya na vuuu inakoma kweli. Siku transfoma ya ndani ikivuja, bodi ya amplifaya itakuwa na umeme wa TANESCO na anayeigusa ni mtoto.

Vitasa vya amplifaya visikae mwisho. Risiva inatoa mawimbi madogo kuliko miksa yako, karibu dB 12 chini, ndiyo maana watu hufungua amplifaya mpaka mwisho na kupata "shhh" na vuuu kwa pamoja. Pandisha kwanza kipimo cha sabufa kwenye menyu ya risiva kifike karibu na sifuri, kisha fungua amplifaya taratibu mpaka besi ilingane na spika. Kitasa kitaishia njiani, na hapo ndipo pake. Feni ikikukera, hamishia amplifaya koridoni na urefushe waya wa spika, ila isifunikwe na kitambaa cha sebuleni.

Ukimaliza yote hayo, piga toni ya namba ya krosova uliyochagua, kisha geuza waya za besi, chanya pawe hasi. Upande unaosikika kwa nguvu zaidi ukiwa kitini ndio sahihi. Dakika mbili tu.

Tafuta fundi aje kwako ana kwa ana kama ukigusa bodi ya amplifaya unahisi inakutekenya, kama fyuzi inakatika zaidi ya mara moja, kama koni ukiisukuma kwa vidole kwa upole inakwaruza, au ukisikia ile harufu ya vanishi. La kwanza si la fundi redio, ni la fundi umeme wa nyumba, apime ardhi kabla ya kingine. Na kama umefanya yote na bado kuna debe, Kigoma hakukosi mtu wa muziki mwenye maikrofoni ya kupimia na kompyuta. Saa moja ya kazi yake itakuonyesha mlima uko Hz ngapi, na ikwalaiza ya raki ikate hapo tu, dB 5 au 6, kwa upana mwembamba. Usiiache ijaze pengo lolote. Shimo la chumba halijai, linakula wati tu.

Ijumaa, kabla hujapakia vyombo kwenda harusini, bandika selotepu nne sakafuni kwenye pembe za boksi, na moja kwenye kitasa cha amplifaya pale kilipo. Swichi ya 30 iache palepale hata ukumbini, haitaikosesha harusi kitu. Krosova ya raki ndiyo uirudishe kwenye namba zako za shughuli.